Upande wa Chini wa Kambi

Kila mwisho wa kiangazi, kabla shule hazijafunguliwa, vijana wa paroasi yetu, yaani parokia, walikwenda kulala kwenye mahema kando ya mto Lualaba kwa siku sita. Mimi nilikwenda mara nne. Ninayoisimulia hapa ni ile mara ya nne, na ni afadhali niseme mapema kwamba kule sikufanya jambo jema hata moja. Wapo wanaosoma habari za namna hii wakingoja mahali pale ambapo msimulizi anageuka kuwa mtu mwema. Wasingoje.

Mahali penyewe palikuwa uwanja tu uliofyekwa kati ya msitu na mto, magharibi ya mji wetu wa Kolwezi, nusu siku kwa miguu kutoka daraja la reli. Palikuwa na mafiga meusi ya miaka yote, vyoo viwili vya shimo vilivyozungushiwa nyasi, na mataruma ya reli yaliyopangwa kuwa meza. Uwanja uliinama kuelekea majini. Juu palikuwa pakavu na pana kivuli. Chini udongo ulikuwa mweusi na laini, na mbu walianza kazi kabla jua halijazama. Mahema tulikuwa nayo sita, ya turubai zito, yaliyoachwa na watu waliokuja zamani kupima ardhi wakitafuta shaba. Kila moja lililaza watu wanane kama wote walikubali kugeukia upande mmoja.

Mkuu wa kambi alikuwa mwalimu wa hesabu. Tulimwita Shefu. Baba yake alitoka jimbo la Kasai kuja kufanya kazi ya reli, akaoa, akazaa, akazikwa Kolwezi. Shefu mwenyewe alizaliwa katika nyumba za kampuni na Kasai hakuwahi kuiona. Alikuwa mtu mkali asiyepiga kelele. Asubuhi alipita hema kwa hema akivuta kila kamba kwa vidole viwili, na kamba ikilegea alisimama pale pale, kimya, mpaka mwenye hema aone aibu na kuja kuikaza. Kila fundo ninalolijua mimi, yeye ndiye aliyenifundisha.

Msaidizi wake alikuwa kijana aliyepita miaka ishirini kidogo, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Naye alifundishwa yote na Shefu, tangu akiwa na suruali fupi.

Baba yangu ni mtu wa kaskazini ya jimbo letu la Katanga, wa upande wa Kongolo. Alikuwa karani wa kampuni ya migodi. Mama yangu alikuwa wa Kasai. Kwetu nyumbani jambo hilo lilikuwa na uzito sawa na kujua nani anapenda sombe ya majani ya mihogo na nani anapenda maharagwe. Baba alimtania mama kwa lafudhi yake, mama alimtania baba kwa ubahili wake, tukacheka. Kaka yake mama, mjomba wetu, aliendesha magari makubwa kwenye machimbo ya shaba ya Mashamba, na binti yake alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Tulivaa nguo moja kwa zamu. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na wengi kule paroasi walidhani ni rafiki tu niliyemleta, kwa sababu mimi nilifuata sura ya baba.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinabomoka. Migodi ilikuwa inanyamaza mmoja baada ya mwingine, hospitali ya kampuni ilikuwa na vitanda bila dawa, na foleni ya unga ilianza kabla ya misa ya kwanza. Mahali penye njaa watu hutafuta mla chakula. Wakubwa walisema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kazi, nyumba na nafasi za shule. Vijana waliimba sokoni kwamba ni bilulu, wadudu, na mdudu hufukuzwa. Katika mji wa Likasi tayari nyumba zilikuwa zimechomwa na watu walikuwa wamejazana stesheni. Kolwezi tulisema kwetu hayatafika, sisi tunajuana.

Wazazi wengi hawakutaka kambi ifanyike. Padri akasema ifanyike. Labda watoto wangewaonyesha wakubwa namna ya kukaa pamoja. Aliyasema hayo mimbarani kisha akabaki mjini. Mama alitufungia mimi na binti wa mjomba mfuko mmoja na blanketi moja pana, akatuambia, "Mulale pamoja. Mukule pamoja. Mutu asimwache mwenzake."

Tulikuwa vijana thelathini na mmoja kwenye kamyo, yaani lori. Tatizo lilianza kabla ya kufika darajani. Kila mwaka tuliimba wimbo wa Kiluba cha Kasai wa kumshukuru Mungu, kwa kuwa una mdundo mzuri wa kupiga makofi barabarani. Mtu mmoja aliuanzisha, na nusu ya kamyo ikanyamaza. Kisha kutoka nyuma kabisa mwingine akaanza ule wimbo wa sokoni, wa bilulu, kwa sauti ya chini, kama anayeonja mboga. Wengine wakaitikia. Shefu alikuwa amekaa mbele na dereva, sidhani alisikia. Msaidizi alikuwa nasi nyuma. Alisikia vizuri, akaangalia msitu.

Siku ile ya kwanza tulisimamisha mahema kama kawaida, tukachanganyika kama kawaida. Mimi nilipewa uongozi wa jiko: mifuko ya unga, mafuta, samaki wakavu, na wasichana wanne wa kunisaidia. Nilijivuna. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na kijiko kikubwa mkononi.

Asubuhi ya pili, kwenye mkusanyiko, Msaidizi alisimama mahali pa Shefu. Alisema kwamba kuna mambo yametokea, kwamba baadhi ya wazazi wameomba, kwamba yeye binafsi hana ubaya na mtu. Alizunguka maneno muda mrefu. Mwisho akasema, "Kuanzia leo kila mutu atalala na ba kwabo."

Shefu alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha chai. Akauliza nani amepanga jambo hilo la kila mtu kulala na watu wa kwao. Msaidizi akajibu kwamba ni watu wote, si yeye peke yake.

"Basi banyooshe mikono," Shefu akasema, "niwaone."

Nadhani aliamini hatungeweza. Alikuwa ametufundisha hesabu wote, alijua nani ana akili na nani anaigilizia. Mkono wa kwanza ulichelewa, wa pili ukaja haraka zaidi, na baada ya hapo ikawa kama mvua inayoanza kwenye bati. Shefu aliangalia mikono mmoja baada ya mwingine, bila haraka, hadi kwenye mkono wangu. Ndiyo, nao ulikuwa juu. Si juu sana. Niliunyanyua mpaka usawa wa sikio.

Binti wa mjomba alikuwa amesimama kushoto kwangu. Msaidizi alielekeza kwa kidole: bana-inchi, wenye nchi, wabaki huku juu, wale wengine washuke kule chini. Watu kumi na mmoja walianza kukusanya vitu vyao. Wapo walioingia hemani na kutoka wakilia, na yupo mmoja aliyecheka kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake. Binti wa mjomba alikwenda kwenye hema letu, akafungua mfuko ule mmoja aliotufungia mama, akatoa vyake, akaviweka ndani ya kitenge. Blanketi aliliacha kwangu. Nilipomwambia alichukue, alisema nitaona baridi.

Walipewa hema moja, lile lililotoboka, na Shefu akashuka nao. Hivyo watu kumi na wawili walilala mahali pa wanane, kwenye udongo ule laini, karibu na mashimo ambamo mama mmoja wa kijiji cha jirani alilowesha mihogo yake. Mama huyo alikuja mchana akakuta hema limesukumwa hadi penye mashimo yake na mawili yamekanyagwa. Akagombeza watu wa chini, kisha akapanda akatugombeza na sisi wa juu. Alisema kila mwaka tunamharibia, na kwamba hatukuwahi hata siku moja kumwomba ruhusa. Msaidizi alimwambia kwa heshima kwamba hiyo ni nchi yetu pia. Mama yule akamtazama miguu, akamtazama kichwa, akaenda zake.

Sasa najiuliza kwa nini Shefu hakuondoka siku ile ile. Kamyo lilipangwa kurudi siku ya sita, ni kweli, lakini alijua njia. Nafikiri alingoja tuone aibu, kama alivyongoja kila asubuhi mbele ya kamba zilizolegea. Aibu haikuja. Kilichokuja ni ubaya kukolea. Mtu akishatenda ubaya mdogo mbele ya wenzake, inambidi auongeze kidogo ili ule wa kwanza uonekane ulikuwa na sababu. Kufikia jioni tulikuwa tumewakataza kuchota maji upande wa juu. Wachote chini, tulipofulia. Mtu akasema wameiba sabuni. Sabuni ilionekana ndani ya kiatu cha mwenyewe, lakini hakuna aliyeshuka kusema imeonekana.

Siku ya tatu, Msaidizi alikuja jikoni asubuhi akaniambia unga hautatosha. Nilijua utatosha, nilikuwa nimeupima mwenyewe. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba unga hautatosha kwa kila mtu. Nilielewa. Nikaitikia.

Saa sita mchana binti wa mjomba alipanda mteremko akiwa na sufuria. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, wasichana wangu wananizunguka, na Msaidizi amekaa juu ya mataruma akingoja sahani yake.

"Yaya," akasema, "unga ya leo hatujapata."

"Imeisha," nikajibu.

Mfuko ulikuwa wazi nyuma yangu. Aliuangalia mfuko, akaniangalia mimi, akasema anauona. Msaidizi akamwambia kwamba ameshajibiwa. Hapo binti wa mjomba akageuza maneno. Akaniuliza kwa lugha ya mama, ile tuliyoisema sisi wawili tangu hatujaota meno, kama kweli nitamrudisha kwa watoto wa kule chini na sufuria tupu. Mkono wangu ulisimama ndani ya chungu, na Msaidizi akaona umesimama.

"Unasikia luga yabo?"

Nikasema kwamba zamani tuliishi karibu na majirani wa Kasai, nikaokota maneno mawili matatu.

"Mama yako ni mutu wa wapi?"

Kati ya wale wasichana wanne, wawili walikuwa wamekula kwetu. Mmoja alisukwa nywele na mama yangu karibu kila mwezi. Waliinama, wakaangalia vidole vya miguu yao. Wao waliniokoa kwa kunyamaza, na miaka yote hii sijajua kama niwashukuru.

"Wa Kongolo," nikasema. "Yeye na baba, bote ni ba kule."

Binti wa mjomba alifunika sufuria yake tupu kwa mfuniko, kwa uangalifu, kana kwamba ndani kuna kitu cha moto. Akateremka. Mimi niliendelea kusonga. Bukari ile ilikuwa nzuri, haikuwa na kidonge hata kimoja, watu waliisifu.

Nilijua wale wa chini walikula nini siku ile. Yule mama wa mihogo aliwauzia mihogo kwa shati la Shefu. Hakuwapa bure, na sitaki kumfanya malaika. Alilitaka shati, akalipata.

Asubuhi ya nne walikuwa tayari kuondoka. Shefu alilishusha hema lao mwenyewe, akaanza kulikunja ili walibebe, maana mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya na mdogo kuliko wote alikuwa na homa. Msaidizi akateremka na vijana sita. Sisi wengine tukafuata kuangalia. Alisema hema ni mali ya paroasi, libaki.

Nilidhani watapigana. Mmoja wa vijana wetu alishika kamba moja, na Shefu alikuwa na kamba nyingine mkononi, na turubai likanyooka katikati yao. Shefu akaiachia yake. Kisha akafanya jambo lililoniudhi wakati ule kuliko yote: alilitandaza hema upya, akafagia matope kwa tawi, akalikunja vizuri, kona kwa kona, akalifunga kwa fundo lililonyooka, akamkabidhi Msaidizi.

"Iko na tundu kwa kona," akamwambia. "Mushone kabla ya kuiweka."

Msaidizi alilipokea. Alitaka kusema neno la kutuchekesha, nililiona likija usoni mwake, lakini halikutoka.

Yule mama wa mihogo alikuwa hapo na kikapu chake. Alikuwa anakwenda kupanda treni ya kuelekea Mutshatsha, kuuza, na Shefu alikuwa amemwomba awaonyeshe njia fupi ya darajani. Mtu wetu mmoja akamwonya asijiingize kwa watu hao, akamwambia sisi ndio wenye nchi. Mama aliweka kikapu chini.

"Benye inchi?" akasema. "Mi niliwaona mukishuka kwa kamyo. Bababu yenu balikuja na treni, na ba hawa balikuja na treni, na bote munanivunjia mashimo yangu ya mihogo."

Akanyanyua kikapu, akatangulia. Wakamfuata mmoja mmoja, Shefu nyuma kabisa, yule mwenye homa mgongoni. Binti wa mjomba alipita karibu nami kiasi cha kunigusa. Nilingoja aniangalie ili nione atanitazamaje. Hakuniangalia.

Na sasa jambo ambalo watu hawapendi nikisimulia. Siku mbili zilizobaki zilikuwa nzuri. Ningependa kuandika kwamba mvua ilitupiga, mahema yakaanguka, tukajuta. Mvua ilichelewa. Tuliogelea, tulivua samaki wadogo kwa vyandarua, tuliimba hadi sauti zikakauka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma wakati kijana mmoja alipomwigiza Shefu akivuta kamba kwa vidole viwili. Kulikuwa na unga mwingi, nikawaongezea watu sahani bila kuombwa. Nililala kwa raha chini ya blanketi pana, peke yangu. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana naiogopa.

Kamyo lilitushusha mbele ya kanisa siku ya sita, mchana. Nilitembea hadi nyumbani na mfuko wangu. Mtaa wa mjomba ulikuwa njiani. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na watu nisiowajua wakipima dirisha ili watie pazia.

Mama alikuwa amekaa kizingitini akichagua maharagwe. Nilimsalimia. Hakuinua kichwa. Maharagwe mabovu aliyatupa upande mmoja, mazima upande mwingine, na nikasimama pale na mfuko begani.

"Karibu," akasema mwishowe, "mutoto ya mama wa Kongolo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinieleza kwa kifupi, kama anayemweleza mgeni, kwamba watu walikuja kwa mjomba wangu kwa marungu na chupa za petroli, wakawapa nafasi ya kutoa vitu vinavyobebeka, na kwamba sasa wako stesheni. Binti yao alifika kutoka mtoni na miguu imevimba akakuta nyumba ina wenyewe wengine. Majirani walimwelekeza stesheni, naye akapita kwetu kwanza, akamweleza mama yote.

Kesho yake tulikwenda. Baba alitaka kutusindikiza, mama akakataa, akasema mimi ninatosha, nina sura nzuri ya kupita kwenye vizuizi. Kweli tulisimamishwa mara mbili na vijana wenye mapanga, na mara zote mbili mimi ndiye niliyeongea, nikataja kijiji cha baba, tukapita. Mama alitembea nyuma yangu na kapu kichwani, ameinama, kama mfanyakazi wangu.

Stesheni sikuitambua. Kutoka kwenye jengo hadi mwisho wa mabehewa mabovu watu walikuwa wamejenga kwa kila walichookoa: mashuka, mifuko ya sementi, milango, bashi au maturubai ya magari. Moshi wa mbabula, majiko ya makaa, mia na kitu ulisimama hewani. Treni ya kwenda Kamina na Kasai ilikuwa inasemwa tu, leo, kesho, wiki ijayo. Mtu mmoja alikuwa anapita kati ya vibanda akionyesha watu mahali pa kuchimba mifereji ya maji na mahali pa vyoo, mbali na pale pa kupikia. Alikuwa na fulana tu. Shati hakuwa nalo.

Shefu aliponiona hakushangaa. Alikuwa anajaribu kufunga bashi juu ya wanawake wawili wenye watoto wachanga, na upepo ulikuwa unamzidi.

"Shika huku," akaniambia.

Nilishika. Nilifunga upande wangu kwa fundo lake. Alikuja akaivuta kamba kwa vidole viwili, ikawa imekaza vizuri, akaenda kwenye kibanda kingine. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake. Alikufa Mwene-Ditu, kule Kasai, nimeambiwa, baada ya miaka michache, na hakupata tena shule ya kufundisha.

Mke wa mjomba alipokea kapu letu akashukuru. Mjomba alizungumza na mama kuhusu mambo ya hati na nguo. Binti wa mjomba alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, miguu ndani ya beseni. Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha na nilikuwa na maneno mengi. Alitoa miguu kwenye beseni, akaikausha kwa kitenge, akahamia upande wa pili wa godoro, akanipa mgongo. Mama aliona.

Walikaa pale majuma saba. Treni ilipokuja, watu walipanda hata juu ya mabehewa. Mtoto wa mwisho wa mjomba, aliyekuwa bado ananyonya, alifia njiani kabla ya Kamina, wakamzika kando ya reli, mahali ambapo treni ilisimama kwa sababu ya injini. Habari hizo tulizipata kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyepeleka bidhaa huko na kurudi.

Kaka zake baba walikuja kumwambia amrudishe mama kwao kabla nyumba haijachomwa. Baba alikuwa mtu mwoga, naye hakuficha. Aliwasikiliza wote, akawapa maji ya kunywa, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi akamwomba mama ampakulie chakula. Wiki hiyo waliandika kwenye ukuta wetu maneno ambayo sitayarudia. Baba aliyapaka chokaa, wakaandika tena, akapaka tena. Mama alibaki. Lakini lugha yake hakuisema tena ndani ya nyumba ile, hata akiota, na chakula nilichopika mimi hakukila kwa mwaka mzima. Alikuwa anasubiri nimalize, anaosha sufuria, anawasha moto upya.

Nilimwandikia binti wa mjomba barua tatu. Alijibu ya tatu, kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Aliandika kwamba ameolewa, ana watoto wawili, hana neno nami, nisiandike tena. Msaidizi yuko hapa hapa Kolwezi, ni mtu wa heshima, amezeeka vizuri na sauti yake bado ni nzuri. Tukikutana ananiuliza habari za watoto, namuuliza habari za miguu yake. Vijana wa paroasi bado wanakwenda mtoni. Mwaka mmoja waliniomba niende kama mama wa jiko, kwa kuwa walisikia nina uzoefu. Nilikataa, wakafikiri ni maringo.

Mama alipofariki nilimtumia binti wa mjomba ujumbe kwa simu ya mtoto wake. Sikutegemea jibu. Alifika siku ya tatu ya matanga, kwa basi, mwanamke mnene mwenye miwani, akalia kuliko sisi wote. Alilala kwangu siku nne. Alipika na wanawake wengine, alicheka na watoto wangu, aliwafundisha namna ya kumwita bibi yao, mama yangu, katika lugha yake. Mimi aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama anavyoitwa mwanamke yeyote jirani.

Asubuhi ya kuondoka kwake tulikaa wawili tukingoja pikipiki ya kumpeleka kwenye basi. Nilianza. Nilimwambia nilikuwa mtoto, nilikuwa na miaka kumi na saba, niliogopa.

Aliniacha nimalize. Akavua miwani, akaifuta.

"Mi nilikuwa na kumi na sita," akasema.

Pikipiki ikafika. Nilimshika mkono apande, maana magoti yake yanamsumbua, akauacha mkono wake ndani ya wangu mpaka alipokaa sawa.